Kitabu cha wasafiri cha Thailand: nini ukiamini, nini ukifute

SWALI: Ninakwenda Thailand wiki tatu na mama yangu, tuanze Bangkok kisha Chiang Mai. Nimepata kitabu cha mwongozo wa wasafiri cha Kiingereza, toleo la 2014. Nataka kuelewa mila, vyakula na adabu za Wathai kabla sijafika, na sisi ni Waislamu. Je, kitabu hiki kinatosha? Nikisome vipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada, kitabu hicho kinafaa, ila kwanza ujue kiliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Waandishi wake walikuwa wakizungumza na kijana wa Ulaya, Marekani au Australia: mtu ambaye kuvua viatu mlangoni ni jambo geni kwake, anayekula nyama yoyote, ambaye hajawahi kuulizwa cheti cha homa ya manjano. Ndiyo maana kitaeleza kwa kirefu mambo uliyolelewa nayo, na kupita mbio, au kunyamaza kabisa, pale unapohitaji kuelezwa. Ukilijua hilo utajua pa kuruka na pa kusimama.

Halafu kuna umri. Toleo la 2014 maana yake taarifa zilikusanywa mwaka 2013 au kabla. Kitakwambia mfalme ni Bhumibol Adulyadej. Huyo alifariki Oktoba 13, 2016, baada ya kukaa kwenye kiti tangu 1946, na sasa anatawala mwanawe, Maha Vajiralongkorn, aliyetawazwa rasmi Mei 2019. Kitakutuma stesheni ya Hua Lamphong ukapande treni ya Chiang Mai. Ukifuata hivyo treni itakuacha, kwa sababu tangu Januari 2023 treni za masafa marefu za kaskazini zinaondokea stesheni mpya ya Krung Thep Aphiwat, eneo la Bang Sue. Hata sheria zimebadilika, tena zaidi ya mara moja: bangi iliondolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022, na Juni 2025 serikali ikaibana tena iuzwe kwa cheti cha daktari.

Kwa hiyo shika penseli. Bei, nauli, saa za kufungua, majina ya hoteli na migahawa, masharti ya viza: vyote hivyo vipige mstari, uvitafute upya kwenye tovuti za wahusika wenyewe. Viza hasa usiisome kitabuni hata kama kingechapwa mwaka jana, maana masharti hutegemea pasipoti, na kitabu kinazungumzia pasipoti isiyo yako. Mali iliyobaki iko sura za nyuma, ambazo wasafiri wengi hawazifikii: historia, dini, chakula, mila, lugha. Hizo huzeeka polepole. Zisome kwanza, nyumbani, bila haraka.

Yapo pia maonyo ya utapeli, na hayo hayajazeeka hata kidogo. Mtu nadhifu nje ya Grand Palace, jumba la kifalme la Bangkok, akikwambia leo pamefungwa kwa sababu ya sikukuu, halafu dereva wa tuk-tuk, yaani bajaji ya huko, akajitolea kuwazungusha kwa baht chache tu, mzunguko huo utaishia duka la vito au la fundi wa suti, ambako dereva ana fungu lake. Pita, nenda hadi langoni ujionee mwenyewe kama pamefungwa.

Tuje kwenye adabu. Sehemu hii kwa kawaida ni ukurasa mmoja wenye orodha ya makatazo: usiguse kichwa cha mtu, usimwelekezee mtu nyayo, mwanamke asimguse mtawa, usimseme mfalme. Ukiikariri kama orodha, nusu yake itakutoka ukiwa bado kwenye ndege. Shika mzizi wake. Karibu yote yanatokana na mpangilio wa juu na chini, na mwili wenyewe umepangwa hivyo hivyo: kichwa ni kitukufu, nyayo ni za mwisho. Mfalme na watawa wako juu ya watu wote, mzazi na mwalimu juu ya mtoto, mkubwa juu ya mdogo. Ukikutana na jambo ambalo kitabu hakikulitaja, jiulize nani yuko juu hapa, na mguu wangu uko wapi. Mara nyingi utapata jibu sahihi.

Kwa mfano wai, salamu ya kukutanisha viganja. Mzungu huiona kama ishara ya kupendeza, akampigia kila mtu: mwenye duka, mhudumu, hata mtoto. Wewe iangalie kama shikamoo: mdogo ndiye anaanza, mkubwa anaitikia. Viganja vinakutana mbele ya kifua, viwiko karibu na mbavu, kisha kichwa kinashuka kuvifuata vidole. Kadiri mtu alivyo juu, ndivyo mikono inavyopanda. Kwa watu wa rika lako, ncha za vidole hufika puani. Kwa mzee, mzazi au mwalimu, gumba hugusa ncha ya pua na vidole hufika kati ya nyusi. Kwa mtawa, gumba lenyewe ndilo hufika kati ya nyusi, naye hatakurudishia, na wala hajakudharau. Mhudumu wa hoteli akikupigia wai, tabasamu na kuinamisha kichwa kidogo kunatosha. Mama yako atapigiwa wai nyingi kwa ajili ya umri wake. Akiitikia kwa viganja vya kifuani, basi.

Kuhusu dini, tenganisha mambo mawili. Wai kati ya watu ni salamu. Wai mbele ya sanamu ya Buddha ni ibada, na hakuna anayemdai mgeni aifanye. Mnaweza kuingia hekaluni, mkatazama, mkatoka, bila mtu kuwauliza chochote, ilimradi mmefunika mabega na magoti (baibui na mtandio vinamaliza suala hilo), mmevua viatu, na mmevuka kizingiti cha mlango bila kukikanyaga. Mkikaa chini, kaeni kama kwenye tahiyatu, miguu ikielekea nyuma. Kosa kubwa la wageni ni kukaa wamenyoosha miguu mbele ya sanamu kwa sababu wamechoka kutembea. Mtawa akiwa anapita sehemu nyembamba, wewe na mama mpisheni. Mkitaka kumpa kitu, kiwekeni mbele yake akichukue mwenyewe, au mpeni mwanamume ampelekee. Na mkinunua sanamu ya Buddha, hata ya mapambo, kuitoa nchini kunahitaji kibali cha Idara ya Sanaa. Wauzaji wengi hawakwambii.

Sasa mambo ambayo kitabu chako hakitayasema, kwa sababu msomaji wake hana mazoea hayo. Sisi humpapasa mtoto wa mtu kichwani kwa upendo. Huko, kwa mgeni, usifanye. Sokoni tunasogeza mfuko au bunda la nguo kwa mguu kama mikono imejaa. Katika maduka ya jumla ya Pratunam, Bangkok, ambako wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki hununua nguo, jambo hilo humuudhi mwenye mali kuliko ubishi wa bei, maana umeigusa riziki yake kwa kiungo cha chini kabisa. Kumvuka mtu aliyekaa au kulala ni vibaya kama kwetu, na kuvuka chakula kilichotandikwa chini ni vibaya vilevile. Sauti nayo ipunguze. Kwenye treni za mjini watu huongea chini chini, na simu ya sauti kubwa inageuza vichwa vya behewa zima.

Hasira ndiyo inayoharibu safari nyingi. Kitabu kitakupa maneno mazuri kuhusu tabasamu la Wathai na kuishia hapo, nami naona hapo kinamwangusha msomaji. Tabasamu lina kazi nyingi: furaha, ndiyo, lakini pia kuomba radhi, kuona aibu, au kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Mpokezi wa hoteli akitabasamu unapolalamika kwamba chumba si ulichokilipia, hakucheki. Anajaribu kuwaokoa nyote wawili na aibu. Ukipandisha sauti umejimaliza: yeye amevunjiwa heshima mbele ya wenzake, na hakuna atakayekuwa na hamu ya kukusaidia. Rudia shida yako kwa upole, na uombe kama kuna mkubwa wa zamu. Vilevile jibu la ndiyo la harakaharaka huweza kuwa staha tu. Badala ya kuuliza "Basi hili linakwenda Chiang Mai?" uliza "Basi hili linakwenda wapi?"

Majina yatakuwa rahisi kwenu. Mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, likitanguliwa na Khun, hata akiwa meneja. Majina ya ukoo yaliwekwa kwa sheria mwaka 1913 tu. Katika maisha ya kila siku hutumika maneno ya undugu: phi kwa aliyekuzidi umri, nong kwa mdogo wako. Mhudumu kijana unamwita nong, muuza matunda aliyekupita umri unamwita phi. Mama yako akisikia anaitwa pa, ajue amefanywa shangazi mkubwa.

Kuhusu mfalme, hapa kitabu hakitii chumvi. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinamfunga anayemkashifu mfalme, malkia au mrithi wa kiti miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na maneno ya mtandaoni yanahesabika. Usimjadili, hata mwenyeji akianza yeye. Noti ikiponyoka upepo ukaipeleka, usiisimamishe kwa mguu. Ina sura yake. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa stesheni na kwenye bustani za umma. Simama ulipo hadi uishe.

Kwenye sura ya lugha utakuta kisanduku kinachoeleza saa za Kithai kama kitendawili. Wewe kisome kwa furaha. Wathai huhesabu usiku kuanzia jua linapozama: nueng thum ni saa moja usiku, song thum saa mbili, sam thum saa tatu, mpaka ha thum, saa tano usiku. Hesabu ni ile ile ya Kiswahili. Baada ya usiku wa manane hesabu yao huanza tena kwenye moja, kwa hiyo hapo msifananishe. Na mchana pia wana utaratibu wao. Lakini mtu akikwambia soko la usiku linachangamka song thum, wewe tayari umeelewa.

Miaka nayo ina hesabu yake: mwaka wa Kibudha uko mbele kwa 543. Dawa iliyoandikwa mwisho wa matumizi 2570 inaisha 2027, wala si makosa ya kiwanda. Mara nyingine huandikwa tarakimu mbili tu, 70, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

Chakula. Vitabu vingi huanza na pad thai, tambi za kukaanga zilizonadiwa na serikali ya waziri mkuu Plaek Phibunsongkhram wakati ule ule wa kujenga utaifa, nchi ilipobadilishwa jina kutoka Siam mwaka 1939. Ni tamu, lakini haikufundishi jinsi Wathai wanavyokula. Mlo wao wa kweli ni wali katikati na sahani kadhaa za pamoja: mchuzi mmoja, kitu kilichokaangwa, saladi kali, supu. Mkubwa au mwenyeji ndiye huagiza, na mara nyingi ndiye hulipa. Kila mtu huchota kijiko kimoja au viwili vya kitoweo kimoja, akala na wali wake, kisha akarudi kwa kingine. Kurundika vitoweo vyote kwenye sahani yako kwa mara moja kunaonekana uroho, na ladha zinachanganyikana zikapotea.

Kijiko kinashikwa mkono wa kulia na ndicho kinachoingia mdomoni. Uma uko kushoto, unasukuma chakula kwenye kijiko. Kisu hakipo kwa sababu kila kitu kimeshakatwa jikoni. Vijiti ni vya tambi za mchuzi, na visiachwe vimesimama wima bakulini, maana vinafanana na ubani wa wafu. Chiang Mai mtakutana na wali wa kunata kwenye kikapu kidogo cha mianzi. Huo ni wa mkono: finyanga tonge dogo kwa mkono wa kulia, chovya, kula, kisha rudisha kifuniko, maana ukiachwa wazi hukauka ukawa mgumu.

Mezani kwenye duka la tambi mtaona vyombo vinne: sukari, pilipili kavu ya kusaga, siki yenye pilipili, na mchuzi wa samaki, mara nyingi wenye pilipili ndani yake. Kitabu kitaviita viungo vya mezani na kuendelea na safari. Vina maana kubwa zaidi. Mpishi anakuletea bakuli ambalo halijakamilika kwa makusudi; wewe ndiye unalimalizia. Onja mchuzi kwanza. Tia nusu kijiko cha chai cha siki, koroga, onja. Kisha chumvi kwa matone ya mchuzi wa samaki, kisha sukari kidogo kulainisha ukali. Sukari kwenye tambi itakushangaza, lakini jaribu. Anayemwaga pilipili kabla ya kuonja hupoteza bakuli, kwa sababu pilipili haitoki.

Ukali wenyewe unategemea chakula kimepikwa lini. Som tam, saladi ya papai bichi, hutwangwa mbele yako, hivyo unaweza kusema phrik met diao, pilipili moja tu, na utapata moja. Mchuzi wa nazi umetengenezwa kwa rojo iliyosagwa na pilipili zake tangu mwanzo. Hapo kusema mai phet, sitaki kali, hakubadilishi kitu, muuzaji atakuitikia kwa adabu tu. Papai nalo lina aina: som tam thai ina karanga na kamba wakavu, na mgeni aanze nayo. Ile ya pla ra ina samaki aliyevundikwa, harufu yake ni nzito.

Upande wa halali ndipo kitabu kitawaacha peke yenu. Kitakuwa na ukurasa wa wasiokula nyama, na mstari mmoja kuhusu Waislamu wa kusini, huku mikoa ya Pattani, Yala na Narathiwat, yenye Waislamu wengi, ikirukwa au kupitwa mbio kwa ajili ya machafuko yaliyozuka upya mwaka 2004. Msomaji anafunga kitabu akidhani Uislamu haupo Thailand. Upo, na una mapishi yake.

Tafuteni alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand kwenye bidhaa za madukani, na vibao vya kijani vyenye mwezi na nyota kwenye vibanda. Bangkok, eneo la Nana, barabara ya Sukhumvit Soi 3 na vichochoro vyake, limejaa migahawa ya Kiarabu. Hospitali kubwa iliyo jirani hupokea wagonjwa wengi kutoka Oman na Ghuba. Lakini msiishie kwa Waarabu. Ulizeni khao mok kai, wali wa manjano na kuku, ambao mama yako atautambua mara moja kuwa ni ndugu wa biriani, ukiletwa na mchuzi wa kijani wenye uchachu na utamu. Mchuzi wa massaman una iliki, mdalasini na karafuu. Chiang Mai, nendeni karibu na msikiti wa Ban Haw, jirani na soko la usiku. Uliasisiwa na Waislamu wa Kichina kutoka Yunnan, na hapo hupatikana khao soi ya halali: tambi kwenye mchuzi wa nazi, juu zimepambwa kwa tambi za kukaanga, pembeni ndimu, vitunguu na majani ya haradali yaliyochachuliwa. Ijumaa asubuhi kuna soko lao.

Kwenye vibanda vya kawaida, kuacha nyama ya nguruwe hakutoshi. Karai huweza kuwa na mafuta yake, na tambi ziitwazo "tambi za mashua", hata zikiwa za ng'ombe, hutiwa damu kwenye mchuzi. Neno halal wauzaji wengi wanalielewa, ila wakikujibu ndiyo wanaweza kumaanisha tu kwamba hakuna nguruwe juu ya sahani. Andikeni kikaratasi hiki mkionyeshe: เป็นมุสลิม ไม่กินหมู ไม่กินน้ำมันหมู. Kinasema: mimi ni Muislamu, sili nguruwe, sili mafuta ya nguruwe. Kama hakuna kibanda cha Kiislamu karibu, tafuteni bendera ya njano yenye herufi nyekundu เจ. Hapo hakuna nyama, samaki wala mayai, hata kitunguu saumu hakitiwi.

Karatasi ni bora kuliko kutamka kwa kufuata kitabu. Matamshi yake yameandikwa kwa sikio la Mwingereza: th humo si ya thelathini, ni t yenye pumzi, ph si f, kwa hiyo Phuket ni "Puket" yenye pumzi. Watu wa Mvita na Lamu wanaotenganisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi tayari wana sauti hizo. Toni tano hazionekani kwenye herufi zetu, nazo hugeuza maana: mbali na karibu vyote huandikwa klai. Jifunzeni machache kwa kusikiliza sauti za mwenyeji, na kila sentensi muimalizie kwa kha, kama wanawake wafanyavyo. Wanaume husema khrap.

La mwisho kitabu kitalipita mbio, kama kitalitaja. Wasafiri kutoka Tanzania, kama wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, hudaiwa cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo iwe imepigwa angalau siku 10 kabla ya safari. Kama mama ana ugonjwa wa kudumu au amevuka miaka 60, amwone daktari kwanza kabla ya kuchomwa. Tangu Mei 1, 2025 kuna pia fomu ya kuingia ya kidijitali, bure, inayojazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Mkishuka Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, msikimbilie foleni ya uhamiaji pamoja na abiria wengine. Tafuteni kwanza dawati la afya, mwonyeshe vyeti vya manjano, mkishapitishwa hapo ndipo mwende uhamiaji. Wasiojua hufika dirishani baada ya foleni ndefu, wakarudishwa nyuma kuanza upya.